Meno Kwanza, Birika Baadaye

(Haya niliyazungumza kwenye mkutano wa wanachama wa chama chetu cha msingi cha ushirika, Moshi Vijijini. Baadhi yenu mliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu yalivyotoka mdomoni, nikapunguza nilipojirudia, na maswali nimeyaacha mahali yalipoulizwa.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana mliosimama mlangoni, ingieni, viti bado vipo.

Mwenyekiti aliponipigia simu kuniambia nije kuzungumzia vifaa vya kusaga na kupika kahawa nyumbani, nilidhani ananitania. Mkutano wa kahawa tumeuzoea: magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, bei ya mnada, malipo ya pili. Kahawa yenyewe, ile ya kunywa, haimo kwenye ajenda. Nikamwuliza, "Una hakika watu watakaa?" Akasema, "Watakaa, kuna chakula."

Basi tuanze hivi. Nani asubuhi hii amekunywa kahawa iliyotoka kwenye kihamba chake, shamba lake la nyumbani? Nyosheni mikono. Mmoja. Wawili. Mzee wangu pale, huo ni mkono au unajikuna tu? (Kicheko.) Haya, wanne, na ukumbi umejaa. Tuliobaki tumekunywa chai, au ile ya kopo inayokorogwa kwenye maziwa. Simsuti mtu. Mimi nimekulia kati ya migomba na mibuni, nimechuma kahawa kabla sijajua kusoma, na kikombe changu cha kwanza cha kahawa halisi nilikinywa nikiwa na miaka ishirini na mbili, tena kazini, kwa amri ya mkubwa wangu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuonja kahawa. Niwaingize kidogo kwenye chumba cha waonjaji, kwa sababu karibu yote nitakayosema leo nimeyatoa humo. Kuna meza ndefu, na juu yake vikombe vimepangwa kwa safu, kila safu ni sampuli ya mkulima au ya chama. Unapima kahawa iliyokaangwa, gramu nane na robo kwa kila kikombe cha mililita 150. Unasaga. Unainusa ikiwa kavu. Unamwagia maji yaliyotoka kuchemka, moja kwa moja juu ya unga, halafu unakaa bila kugusa kitu dakika nne. Juu linajifunga ganda la povu na unga. Unainama mpaka pua inakaribia kuguswa na mvuke, unalivunja ganda lile kwa kijiko, na harufu inayotoka hapo ndiyo inayokueleza kahawa hiyo ilikaushwa vizuri au ililala kwenye gunia ikiwa mbichi. Kisha unaondoa povu, unasubiri ipoe kiasi, unachota kijiko na kufyonza kwa kelele ambayo mama yangu angeisikia angenizaba kofi. Unaizungusha mdomoni, unatema kwenye ndoo, unaandika.

Kahawa yenu inapewa alama hapo. Sasa hesabuni vifaa nilivyovitaja. Vikombe, vijiko, birika, mizani, ndoo ya kutemea, na mashine ya kusagia. Mashine ya kupikia kahawa haimo. Watu wanaoamua gunia lako ni la daraja gani wanaipika kahawa kwa kuimwagia maji kwenye kikombe, basi.

Ila mashine ya kusagia, jamani! Ile ilitunzwa kama mwali. Hukuigusa bila ruhusa. Ukitoka kusaga sampuli ya Mbinga na sasa unataka ya Kilema, lazima usage kwanza punje chache za Kilema uzitupe, ili mabaki ya Mbinga yatoke kwenye meno. Siku za mwanzo roho iliniuma kutupa kahawa safi namna ile, mtoto wa mkulima mimi. Baadaye nikaelewa. Kama kuna mahali kahawa nzuri inaharibikia baada ya kutoka shambani salama, ni hapo kwenye kusaga.

Kwa hiyo niseme jambo langu mapema, wale wenye kuwahi daladala waondoke nalo. Pesa uliyotenga kwa ajili ya kahawa ya nyumbani, sehemu kubwa ipeleke kwenye kusaga. Cha kupikia unacho tayari jikoni, na usipokuwa nacho ni rahisi kukipata. Vijana wengi wanafanya kinyume. Wananunua chombo cha kupikia kinachong'aa, halafu kahawa wanasagiwa dukani, inakaa mwezi kwenye mfuko uliofunguliwa. Kahawa ikishasagwa harufu yake inatoroka haraka. Ikiwa bado punje inajitetea wiki kadhaa.

Hebu mama yangu wa mbele, na wewe kijana wa kofia nyekundu, sogeeni mezani. Hapa nina karatasi mbili nyeupe. Kahawa ni moja, ya kihamba cha mwenyekiti, niliikaanga mwenyewe siku sita zilizopita. Rundo la kushoto nimelisaga kwa mashine ya visu, hizi ndogo za umeme zinazouzwa pamoja na blenda. Rundo la kulia nimelisaga kwa hii ya mkono yenye meno. Kijana, tia kidole kwenye la kushoto, waeleze wenzako unaona nini.

(Alisema: kuna unga kama poda, na kuna vipande vikubwa, kimoja kama nusu punje.)

Umeona vizuri. Mashine ya visu haisagi, inakatakata. Punje ikipitiwa na kisu mara kumi inakuwa vumbi, iliyorukia pembeni ikapitiwa mara moja inabaki nusu. Ukiiacha izunguke zaidi, vumbi linazidi na nusu punje bado zipo. Sasa mama, wewe ukichanganya maharage ya msimu huu na ya mwaka juzi kwenye sufuria moja, inakuwaje?

(Mama: mapya yanapondeka, ya zamani bado yanagonga jino.)

Kahawa ni hivyo hivyo. Vumbi linatoa kila kitu haraka, mpaka ule uchungu wa mwisho unaokwama kooni. Kipande kikubwa hakijatoa hata nusu ya utamu wake, kinatoa uchachu tu. Unakunywa kikombe kimoja chenye makosa mawili yanayopingana, halafu unasema kahawa ya Kilimanjaro kali mno, leta sukari. Kahawa haina kosa, ni sufuria yenye maharage ya misimu miwili.

Rundo la kulia halijawa sawa kabisa, msidanganyike. Hata mashine ya bei kubwa inatoa vumbi kidogo. Lakini sehemu kubwa ya punje zake zinalingana, kwa sababu kahawa inapita katikati ya meno mawili, moja limesimama, jingine linazunguka, na kipande hakitoki mpaka kiwe kidogo cha kutosha kupenya mwanya. Ukibana mwanya unapata unga laini, ukiulegeza unapata chenga.

Swali, mzee wangu? Karibu.

(Mzee: Mwanangu, mama yangu alitwanga kahawa kwenye kinu, akachemsha. Ilikuwa tamu. Hakuwa na meno ya chuma.)

Asante baba, nilikuwa nalisubiri hilo. Mama yako hakukosea. Nendeni pwani, Tanga, Mombasa, Unguja pale Jaws Corner jioni watu wamekaa barazani. Kahawa imo kwenye dele, dele limekaa juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata pembeni. Kahawa ile inapikwa, inachemka, pengine na tangawizi, na inatakiwa iwe chungu, ndiyo maana kashata ipo. Ukishaamua kuchemsha, kutolingana kwa punje hakuna madhara makubwa, kwa sababu moto unalazimisha zote zitoe. Kinu kinafaa kabisa hapo, mradi utwange mpaka ilainike. Kwa anayetaka kahawa ya aina hiyo, sina cha kumuuzia. Anunue mchi mzuri.

Na Wahaya wametupita wote. Wao wanachemsha kahawa ya robusta na maganda yake pamoja na majani ya kunukia, wanaikausha, wanaitafuna, wanampa mgeni mkononi. Hawahitaji hata birika. (Kicheko.)

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani jiulize unataka kikombe cha namna gani. Ukitaka ile chungu ya kuchemsha, kinu na sufuria au dele. Ukitaka kusikia kahawa yako mwenyewe, ile harufu ya maua na uchachu mwembamba kama wa tunda ambao wanunuzi wanatoka ng'ambo kuufuata, basi huwezi kukwepa meno.

Mama mmoja amenong'ona kuhusu mashine ya karanga, ile ya kubana kwenye ukingo wa meza na kuzungusha kwa mkono. Nimeijaribu. Inasaga, meno inayo, lakini sahani zake zinacheza, kwa hiyo upande mmoja unatoa unga na upande mwingine chenga. Kwa kahawa ya kuchemsha inatosha. Iwe ya kahawa tu lakini, maana mafuta ya karanga hayatoki humo mpaka siku ya kiyama. Na tafadhali msipeleke kahawa kwenye mashine ya unga. Utapata kahawa yenye ladha ya dona, na mteja atakayefuata atapika ugali wa kahawa.

Sasa hii ya mkono. Nimewaletea mbili. Hii ya kwanza meno yake ni ya kauri, ndiyo ya bei nafuu. Kauri haipati kutu, ila inasaga taratibu, na ikikutana na jiwe inameguka. Na sisi, tuseme ukweli, kahawa ya kunywa nyumbani ndiyo ile tuliyoikausha kwenye turubai mlangoni. Kokoto zinakuwemo. Kabla ya kukaanga, imwage kwenye ungo uichambue kama mchele, halafu baada ya kukaanga ichambue tena. Mimi nimeshamegua meno ya kauri kwa kijiwe kisichozidi ukubwa wa mbegu ya papai.

Ya pili meno yake ni ya chuma kigumu. Inakata upesi, gramu 20 nazimaliza kwa dakika moja hivi bila kutoka jasho. Bei yake ni kubwa, na bei za hapa mjini sizitaji, ya leo siyo ya Jumatatu. Niwaonyeshe namna ya kuichagua hata kama hujui chapa. Fungua chini, shika ule mhimili wa katikati kwa vidole viwili, utikise. Hivi. Huu hautikisiki, kwa sababu umeshikwa na beringi juu na chini. Sasa tikisa wa ile ya kauri. Umesikia unavyogonga? Mhimili ukicheza, jino nalo linacheza, unarudi kwenye maharage ya misimu miwili. Hilo nalipa uzito kuliko chuma au kauri. Halafu angalia sehemu ya kurekebisha ukubwa: iwe na alama au itoe mlio wa "tik, tik", uweze kuhesabu na kesho kurudi pale pale. Na angalia kama ukubwa wake unatosha nyumba yako. Ndogo nyingi zinachukua gramu 20 hadi 30 kwa mkupuo. Wakija wakwe saba, utasaga mpaka mkono uombe poo.

Usafi ni brashi kavu. Msizioshe za chuma kwa maji, na msisage mchele mbichi humo mkidhani mnasafisha, mchele ni mgumu kuliko kahawa iliyokaangwa.

Za umeme zenye meno zipo, ni nzuri kwa nyumba yenye wanywaji wengi. Ila nina kisa. Shemeji yangu alirudi kutoka Marekani akaniletea moja, nzito, nzuri, naiona hata nikifumba macho. Sikusoma kibandiko cha chini. Umeme wao ni volti 120, wetu ni 230. Nilitafuta adapta ya plagi, nikachomeka, ikalia kama nyigu aliyekasirishwa, ikatoa moshi hapa hapa Moshi. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, volti zinabaki zile zile. Mwenye ndugu ng'ambo, kabla hajanunua, mwambieni asome kibandiko. Kama kimeandikwa 120 peke yake, alete ya mkono. Ya mkono haiulizi umeme upo au umekatika.

Sasa vya kupikia. Nitakwenda haraka, kwa sababu hapa pana kelele nyingi za matangazo kuliko mambo.

Njia ya kwanza ni ile ya waonjaji, na haina gharama. Kikombe, unga wa chenga za wastani kama sukari, maji, dakika nne, vunja ganda, ondoa povu, subiri unga uzame, kunywa bila kutikisa. Tone la mwisho liache.

Presi, ile jagi yenye kichujio cha kusukuma chini, ni njia hiyo hiyo yenye kifuniko. Tunaiita ya Kifaransa, lakini waliosajili hataza ya ile inayofanana na ya leo, mwaka 1929, walikuwa Waitaliano. Isagie chenga, nene kuliko sukari. Nunua ya chuma. Za kioo nimevunja mbili, zote kwenye beseni la vyombo, wala hazikuanguka.

Moka nitaikalia kidogo, maana wengi wenu mna jiko la gesi na mnapenda kahawa nzito ya kutia maziwa. Ni birika la vipande viwili: maji chini, kahawa katikati, mvuke unayasukuma maji kupanda juu. Alfonso Bialetti aliitoa Italia mwaka 1933. Mnaukumbuka mwaka huo? KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa hapa Kilimanjaro, ilianzishwa 1933. Mwaka ule ule Wachaga walipokuwa wakiunganisha vyama vyao ili wauze kahawa kwa sauti moja, kule Italia mtu alikuwa akitengeneza birika la kuinywa jikoni kwake. Tuliuza vizuri, naona. Birika ndilo hatukulifuata.

Ukinunua moka, "vikombe sita" walivyoandika kwenye boksi ni vya finjani. Yote kwa jumla ni kama mililita 300, vikombe viwili vya chai, basi. Na haikubali kujazwa nusu, kwa hiyo nunua inayolingana na wanywaji wa kila siku, siyo wa Krismasi. Maji yaishie chini ya ile valvu ya pembeni. Kahawa isawazishwe kwa kidole, isishindiliwe. Moto mdogo. Acha kifuniko wazi uangalie: inaanza kutoka nyeusi kama asali ya nyuki wadogo, inakuwa rangi ya dhahabu, halafu inaanza kukoroma. Ikikoroma tu, iondoe. Ukiiacha ikorome mpaka ichoke, umepika lami. Kitako chake kidogo hakitulii juu ya vyuma vya jiko la gesi, weka wavu wa waya kwanza. Kwenye mkaa inawezekana, ila moto ukipanda pembeni mshikio wa plastiki unayeyuka. Na kabla hujalipia, muulize muuzaji kama anauza pete za mpira za akiba. Pete inakauka baada ya muda, mvuke unavuja, na bila pete una sanamu ya birika.

Kichungi cha karatasi nacho kina hadithi ninayoipenda. Melitta Bentz, mama wa nyumbani Dresden, Ujerumani, alichoshwa na machicha ya kahawa kwenye kikombe. Akachukua chombo cha shaba, akakitoboa kwa msumari, akaweka karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe shuleni, akamimina. Mwaka 1908 akasajili hataza na kuanzisha kampuni. Msumari na daftari la mtoto! Kahawa ya karatasi ni nyepesi na safi, na kama kihamba chako kina ladha ya pekee utaisikia humo kuliko popote. Wazee wenye kolesteroli ya juu, hii ndiyo inayowafaa: mafuta ya kahawa yana kitu kinachoitwa kafestoli, kinapandisha kolesteroli, na karatasi inakizuia. Ya kuchemsha na ya presi haizuii.

Koni yenyewe ya plastiki, ile inayoshika karatasi, ni ya bei ndogo, kuliko hata ya kauri, na inatunza joto vizuri zaidi. Ugumu ni karatasi. Kabla hujanunua koni, hakikisha karatasi zake unazipata mahali unapofika kila mwezi. Usipozipata, shona kichungi cha kitambaa cha pamba, kioshe kwa maji matupu bila sabuni, kihifadhi kikiwa kimelowa kwenye maji safi yanayobadilishwa. Kikikauka kinavunda.

Kijana wa nyuma anataka kusikia espreso. Naijua hiyo hamu. Espreso ni maji ya moto yanayosukumwa kwa mgandamizo wa kama baa 9 kupita kwenye kahawa laini iliyoshindiliwa. Boksi la mashine limeandikwa baa 15, hizo ni nguvu za pampu, wala haimaanishi kahawa yako inahitaji 15. Na ukiinunua, unahitaji mashine ya kusagia inayoweza kurekebishwa kwa hatua ndogo ndogo sana, ambayo pengine bei yake inafika ya mashine yenyewe. Asiyekuambia hilo dukani anataka urudi. Kama unafungua mgahawa, tuzungumze pembeni. Kama ni ya nyumbani, mwanangu, nunua moka, na salio ununue miche ya kahawa.

Imebaki mizani na maji. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Anza na gramu 60 kwa lita, yaani 15 kwa robo lita, kisha ongeza au punguza mdomo wako unavyotaka. Asiye na mizani atumie kijiko cha chakula kilichosawazishwa, ni kama gramu 5 za unga wa kahawa. Siyo sahihi sana, lakini ni bora kuliko "mkono wa mama".

Maji ndiyo karibu kikombe chote, na hapa sisi wa mlimani tumejaliwa. Ndugu zangu waliohamia Dar wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wanajua ninachosema, hakuna mashine itakayoiokoa kahawa hiyo. Halafu lipo jambo moja linalonifurahisha. Siku hizi wanauza birika la umeme lenye kipimajoto, la kukuambia maji yamefika nyuzi 93 au 96, kwa sababu maji ya nyuzi 100 yanasemekana kuunguza kahawa. Pwani maji yanachemka kwa 100. Hapa Moshi mjini yanachemka kwa kama 97. Huko juu vijijini, mita 1,400 na zaidi, yanachemka kwa kama 95. Ninyi wa juu, maji yenu yanapochemka yapo pale pale birika lile la bei kubwa linapotafuta. Mimineni. Mwenye birika la kipimajoto akilitega 96, litahangaika kuitafuta nyuzi isiyokuwepo mlimani.

(Swali kutoka kwa mama mmoja: Kama nina pesa ya kitu kimoja tu mwaka huu, na siyo pesa nyingi?)

Basi ile ya mkono ya kauri, dada yangu, uitikise mhimili kabla hujalipa, uchague isiyogonga sana. Pika kwa kikombe kama waonjaji. Mwakani ukipata nyongeza, badilisha meno, kikombe bakiza. Au changeni, nyumba nne mtumie moja ya chuma. Kuazimana sufuria kubwa ya ubwabwa tumezoea, hii nayo ni hivyo hivyo.

Sasa naona maji yamechemka. Mezani kuna safu mbili za vikombe, kahawa ni ile ile ya mwenyekiti, uzito ni ule ule, maji ni yale yale. Safu moja imesagwa kwa visu na nyingine kwa meno, na nimeshazihamisha, msitegemee kushoto na kulia kwa zile karatasi. Wazee waanze. Vijiko viko kwenye bakuli. Fyonzeni kwa kelele, leo ruhusa.

(Tuliobaki na vikombe vile tulikaa mpaka chakula kikapoa. Mzee wa kinu alirudi mara tatu kwenye safu ya meno, mara ya mwisho akabeba na kikombe. Wengi walichagua safu hiyo hiyo. Mwenyekiti alichagua ya visu, akasema ndiyo "yenye nguvu". Nilimwachia mashine ya mkono aitumie wiki moja. Leo ni wiki ya tatu, hajairudisha, na nikimpigia simu anaulizia habari za mvua.)